Kutoka Kisumu hadi ukuta wa matumbawe: mwongozo kamili wa kuzamia kwa mtu wa bara

Nunua pakiti ya krips Kisumu, uitie kwenye mfuko wa kiti cha matatu, usiifungue. Ukifika Kericho imeanza kutuna. Ukifika Mau Summit imevimba kama mto wa kulalia, na ukiibonyeza unaogopa itapasuka. Hakuna aliyeongeza kitu ndani. Ni hewa ya nje iliyopungua nguvu ya kuibana.

Naanza na krips kwa sababu miongozo mingi ya kuzamia humwacha msomaji pale anapopanda tena boti, akivua miwani na kupewa chai. Mtu wa pwani anaweza kuishia hapo. Sisi wa Kisumu, Kakamega, Kericho na Nakuru bado tuna barabara mbele yetu, zaidi ya kilomita 800 kwa anayerudi Kisumu kutoka Mombasa, na barabara hiyo inapanda. Kwa hiyo nitakueleza kila hatua, kuanzia bwawa la kuogelea hadi stendi ya basi, na hatua ya mwisho utaiona ndefu kuliko ulivyotarajia.

Jambo lingine kabla hatujaanza. Huku kwetu kandokando ya ziwa, ukisikia wazamiaji wameitwa ujue kuna mtu amezama na anatafutwa. Nilipomwambia mamangu mdogo kwamba nimejiandikisha kozi ya kuzamia, aliniuliza taratibu, "Kwani nani amepotea?" Jiandae kujibu swali hilo.

Kwanza, ogelea, na si ziwani

Huhitaji kuwa bingwa. Kozi ya kwanza ya kawaida, ile inayokupa kadi ya kuzamia hadi mita 18, inadai uogelee mita 200 bila kupimwa muda na uweze kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Anayeogelea kwa utulivu hata kama ni polepole anafaulu. Anayeogelea kwa hasira anachoka mita ya themanini.

Fanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli. Ziwa letu nalipenda, lakini halifai kwa kazi hii. Maji ya ghuba ya Winam ni ya tope na hayaonyeshi mbali, gugu maji huja na kuondoka na upepo, viboko hawana ratiba, na ukikanyaga kando ya ziwa penye konokono unaweza kurudi na kichocho. Bwawani utaona vidole vyako vya miguu, na kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa.

Jipe miezi miwili, mara mbili kwa wiki. Ukishaweza mita 200, anza zoezi ambalo watu hulidharau: lala kifudifudi juu ya maji, uso ndani, usisogee hata kidole, huku ukitoa pumzi polepole. Kuzamia ni kutulia kuliko kupiga makasia, na mwili wa mtu wa bara haujazoea kutulia ndani ya maji.

Halafu daktari

Utapewa fomu ya afya yenye maswali ya ndiyo na hapana. Usidanganye. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, pafu lililowahi kupasuka, upasuaji wa sikio, yote haya yanahitaji daktari aseme kwanza. Mwenye selimundu asizamie. Kama una chembe za selimundu tu bila ugonjwa wenyewe, mwambie daktari hata hivyo. Huku magharibi ni wengi wenye nazo na hawajui mpaka wapimwe. Mjamzito asubiri ajifungue.

Malaria nayo. Ukiwa na homa, au umeimaliza dozi juzi na mwili bado mlegevu, ahirisha. Na kama utaandikiwa dawa ya kinga, mwambie daktari kwamba utazamia, kwa sababu mefloquine, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, dalili ambazo chini ya maji zitamchanganya kila mtu, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza.

Mafua ni kitu kidogo Kisumu. Baharini pua iliyoziba ina maana masikio hayatasawazika, na safari yako imegeuka kuwa ya kuangalia wengine wakiruka. Usimeze kidonge cha kufungua pua ukaingia majini. Kinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyonaswa ndani ikakosa pa kutokea wakati wa kupanda.

Kuchagua siku na ukuta

Tuelewane kuhusu neno ukuta. Mwamba wa matumbawe mahali pengi pwani ya Kenya hushuka kwa mteremko, kama shamba la kilimani. Ukuta ni pale mwamba unapokatika wima, juu kuna bustani ya matumbawe kwenye mita chache, kisha ghafla hakuna chini. Ukitaka ukuta hasa, karibu zaidi ni Pemba, Tanzania, upande wake wa magharibi: Misali, Njao, Fundo. Mkondo wa Pemba kati ya kisiwa na bara una kina cha mamia ya mita. Beba pasipoti.

Lakini usianzie huko. Fanya mbizi zako za kozi na nyingine nne au tano mahali penye sakafu. Mimi nilianza Kisite, ng'ambo ya Shimoni na Wasini, kwenye mbuga ya bahari inayosimamiwa na shirika la wanyamapori la Kenya, KWS. Watamu na Malindi pia ni pazuri. Mbuga zao zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza za aina hiyo Kenya. Sakafu ya mchanga kwenye mita 12 inamsamehe mwanafunzi, ukuta hausamehe.

Kuhusu majira, waulize wavuvi kuliko kuuliza simu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hulala na maji hung'aa. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi huinuka na mvua ya masika huleta tope la mito. Matlai, kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, ni wakati mzuri ambao wageni wengi hawaujui. Maji hufika nyuzi 29 au zaidi mwezi Machi na hushuka hadi 25 hivi Julai na Agosti. Usicheke 25. Maji huiba joto la mwili mara ishirini na kitu kuliko hewa, na baada ya dakika 40 utatetemeka kama umelala Timboroa bila blanketi.

Kisha angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo ukutani huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Mbizi yako ya kwanza ya ukutani ipange kwenye maji mafu, na uingie maji yanapokaribia kusimama. Nahodha mzuri atakuambia saa yenyewe bila kuangalia kitabu.

Ukichagua mwalimu, uliza maswali matatu tu. Anawaongoza wangapi kwa mara moja? Wakizidi wanne kwa mgeni wa ukuta, tafuta mwingine. Botini kuna mtungi wa oksijeni? Omba uonyeshwe, na uone geji yake inasoma nini. Chumba cha mgandamizo, cha kumtibia mzamiaji aliyeugua baada ya kupanda, kilicho karibu kiko wapi, na mgonjwa hufikishwaje? Akikujibu mara moja, huyo anajua kazi yake. Akicheka, shukuru uende zako.

Vifaa, na suala la risasi

Regulata unaijua kwa jina, maana kuna nyingine jikoni juu ya mtungi wa gesi. Hii nayo hufanya kazi ileile: inachukua hewa iliyobanwa na kuitoa kwa nguvu unayoweza kuvuta. Ndani ya mtungi ni hewa ya kawaida, si oksijeni tupu kama watu wanavyodhani. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Kuna jaketi la hewa la kukuelesha, suti ya mpira, mapezi, miwani, na kompyuta ya kuzamia inayovaliwa kama saa. Kodi vyote isipokuwa miwani. Miwani nunua yako: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikibaki imeshika ni ya uso wako. Ndani yake paka mate, kisha suuza. Mate hushinda dawa nyingi za duka.

Sasa risasi, yale madini mazito yanayofungwa kiunoni ili uzame. Hapa ndipo mtu aliyejifunzia bwawani Kisumu hukwama. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo yanakuelesha zaidi. Kama wewe na vifaa vyako mna kilo 100, utahitaji kama kilo 2.5 zaidi ya zile za bwawani. Nilifika Wasini na hesabu yangu ya bwawa nimeiandika kwenye kidaftari, nikaivaa, nikaruka, nikabaki juu ya maji kama mtumba wa gugu huku wenzangu wakipotea chini. Mzee wa boti aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, huko kwenu bahari haina chumvi?" Nikamwambia kwetu ni ziwa. Akanipa kilo mbili na nusu bila neno lingine.

Pima hivi. Ukiwa umevaa vyote majini, toa hewa yote jaketini, shika pumzi ya kawaida. Maji yanapaswa kukufika usawa wa macho. Ukitoa pumzi, unazama taratibu. Ukipima ukiwa na mtungi uliojaa, ongeza kilo mbili, kwa sababu hewa ina uzito, na ile utakayoivuta hadi mwisho wa mbizi ni kama kilo mbili. Asiyejua hili hushangaa anaelea asikotaka dakika za mwisho, palepale anapotakiwa kusimama kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka.

Kabla ya kuruka, kagua mwenzako naye akukague: jaketi linajaa na kutoa, risasi zinafunguka kwa mkono mmoja, vifungo vimebana, valvu ya mtungi iko wazi kabisa. Vuta pumzi tatu kwenye regulata huku ukiangalia geji. Sindano ikicheza, valvu haijafunguka sawasawa.

Jifunze ishara za mkono kabla ya kulowa. Hili linatukosesha sote Wakenya. Mwalimu wangu aliniuliza kwa ishara kama mambo ni sawa, nikampa dole gumba, kama ninavyompa makanga nikifurahia safari. Akanishika jaketi tukaanza kupanda. Chini ya maji dole gumba maana yake ni "twende juu". Sawa ni duara la kidole gumba na cha shahada. Nilimpandisha juu bure mara mbili siku hiyo, na mara ya pili hakuficha uso wake.

Kushuka: masikio kwanza

Umewahi kuteremka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil? Masikio yanaziba, unameza mate, yanafunguka. Mteremko ule wote, mita 800 hivi za hewa, unaongeza mgandamizo unaolingana na kushuka chini ya mita moja ya maji. Mita moja! Sasa fikiria mita 18.

Juu ya maji tunabeba hewa ya kipimo kimoja. Mita 10 chini ni viwili, mita 20 ni vitatu, mita 30 ni vinne. Pakiti ile ya krips ukiishusha mita 10 itasinyaa hadi nusu. Mabadiliko makubwa kuliko yote yako kwenye mita 10 za kwanza, na ndiyo maana watu huumia masikio karibu na juu, si kule wanakokuogopa.

Bana pua, puliza polepole mpaka usikie masikio yamepasua. Fanya hivyo ukiwa bado juu, halafu kila nusu mita au mita moja unaposhuka. Usingoje maumivu. Yakija, panda mita moja, jaribu tena. Shuka miguu ikiwa chini na kichwa juu, ukishika kamba ya nanga kama ipo. Anayekuharakisha mwonyeshe sikio lako na mkono wa "ngoja". Kiwambo cha sikio kikipasuka, maji baridi yakiingia ndani, utapata kizunguzungu usijue juu ni wapi.

Na sheria iliyo juu ya nyingine zote: usizuie pumzi kamwe. Hewa uliyovuta mita 10 itataka kuwa mara mbili ukifika juu. Kama umefunga koo, inatafuta njia kupitia mapafu. Hata bwawa la kina cha kifua linatosha kuumiza. Ukishindwa kukumbuka kitu kingine, toa vipovu vidogo unapopanda.

Ukutani

Mara ya kwanza nilifika ukingoni kama mita nane chini. Juu ya mwamba kulikuwa na kelele za macho: tafi, kangaja, pono wakitafuna matumbawe kwa sauti ya mtu anayevunja miwa kwa meno. Nikasogea mbele, mwamba ukaisha. Chini yangu palikuwa na buluu, kisha buluu nzito zaidi, kisha hakuna. Tumbo lilinishuka kama nimesimama kwenye paa la ghorofa. Nilijishika kwa mikono yote miwili, mikono ikashika maji.

Kinachohitajika hapo ni kidogo. Simama. Vuta pumzi ndefu, toa ndefu. Utaona unapanda kidogo ukivuta na kushuka kidogo ukitoa, baada ya kuchelewa sekunde moja mbili. Pumzi ndiyo usukani wako; jaketi ni la marekebisho. Unaposhuka suti hubanwa na wewe huzidi kuwa mzito, kwa hiyo gusa kitufe cha hewa kidogokidogo, mguso mmoja, subiri, mguso mwingine. Ukibonyeza kwa hofu utapaa. Kwenye mchanga kosa la uzito hukufikisha mchangani. Ukutani kosa hilohilo halina mwisho wa karibu, na buluu ina tabia ya kumvuta mtu bila kumwambia. Kwa hiyo tazama kompyuta kila baada ya pumzi kumi hivi. Nimewahi kufuata kasa mmoja kwa dakika isiyofika mbili, nikaona ninasoma mita 23 badala ya 18. Kasa hakunilazimisha.

Mpango wa ukuta ni huu. Nenda kwanza kina chako kikubwa kuliko vyote, kisha panda polepole ukutani kwa mwendo wa mshazari, kama barabara inavyopanda kilima. Ukuta uwe bega la kulia ukienda, bega la kushoto ukirudi mita chache juu zaidi. Kama kuna mkondo mwepesi hamrudi. Mnaelea nao na boti inafuata vipovu vyenu. Kaa mita moja na nusu kutoka mwamba, karibu ya kutosha kuona, mbali ya kutosha mapezi yasipige. Tumbawe la aina ya jiwe huongeza kama sentimita moja kwa mwaka. Teke moja ni miaka ya mtu. Na pwani yetu ilishaumia: joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya.

Beba tochi hata saa nne asubuhi. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa na maji. Kwenye mita 15 ukijikwaruza, damu yako itaonekana ya kijani. Washa tochi ukutani na kile ulichodhani ni jiwe la kijivu kinawaka nyekundu na machungwa: sponji, matumbawe laini, feni kubwa za bahari zikiwa zimegeukia mkondo kama watu waliokaa barazani kungoja upepo. Mulika nyufa. Mkunga atafungua na kufunga mdomo, hatishii, anapumua. Usiingize mkono. Kila dakika chache geuka pia uitazame bahari wazi nyuma yako, ndiko wanakopita kolekole na, ukibahatika, papa wa mwamba ambaye hana habari nawe.

Samaki wa kuheshimu ni kikande mkubwa wakati wa kulinda mayai. Eneo lake ni kama faneli iliyoanzia kiotani na kupanuka kwenda juu, kwa hiyo ukipaa unabaki ndani ya shamba lake. Mpe mapezi yako aume na uondoke kwa ubavu.

Ukihisi maji yanakuvuta chini kando ya ukuta, vipovu vyako navyo vikishuka badala ya kupanda, usipigane nayo kwa kuogelea wima. Jivute mbali na ukuta kwa ubavu, tia hewa kidogo jaketini, mkaribie mwenzako. Mikondo ya namna hiyo huwa myembamba. Ikikuachia, toa hewa ile mara moja usije ukapaa.

Kuanzia mita 30 hivi nitrojeni huanza kulevya. Mtu huona kila kitu ni chepesi na cha kuchekesha. Dawa ni kupanda mita chache. Lakini kadi yako ya kwanza inasema 18, na ukuta ulio hai zaidi uko hapo juu penye mwanga, kwa hiyo sioni haja.

Hesabu ya hewa

Mgeni hutumia kama lita 25 kwa dakika akiwa juu. Mita 18 mgandamizo ni vipimo 2.8, kwa hiyo anatumia lita 70. Kwenye mtungi wa lita 12, ukiacha baa 50 za akiba, una lita 1,800. Gawa: dakika 25 na kidogo. Mbizi halisi hufika 40 kwa sababu unatumia muda mwingi juu zaidi. Mwambie kiongozi ukifika baa 100, muanze kupanda mshazari, na uwe mita 5 ukiwa na baa 50 au zaidi. Usione haya kuwa wa kwanza kuishiwa. Mimi nilikuwa wa kwanza mbizi sita mfululizo.

Kupanda

Mita 9 kwa dakika au chini ya hapo. Ni polepole kuliko unavyodhani. Usikipite kipovu chako kidogo kabisa. Inua bomba la jaketi utoe hewa inayotanuka. Simama mita 5 kwa dakika 3, hata kama kompyuta haijadai. Ukutani hapa ni raha kwa sababu mwamba uko mbele ya macho yako na una la kutazama. Kiongozi arushe boya la ishara ili boti iwaone, kisha mpande mkono mmoja juu, mkisikiliza injini. Majini sauti hukimbia mara nne kuliko hewani, kwa hiyo sikio halikuambii boti iko upande gani. Zunguka utazame.

Kurudi bara

Sasa rudi kwenye krips. Ukiwa chini, nitrojeni ya hewa uliyovuta imeyeyuka mwilini kama gesi ndani ya soda. Ukipanda polepole inatoka kupitia mapafu bila taabu, lakini haiishi siku hiyohiyo. Ukienda mahali ambapo hewa ni nyembamba, chupa imefunguliwa, na vipovu hutokea mwilini. Ndiyo maana wazamiaji huambiwa wasipande ndege: angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa. Watu wengi wameshika neno ndege. Mwili haujui ndege. Unajua mwinuko tu, na tahadhari inaanzia mita 600.

Ukishapita Voi tu umefika hapo. Nairobi ni karibu mita 1,800. Limuru ni zaidi ya 2,200 na barabara bado inapanda. Nakuru ni 1,850. Mau Summit ni karibu 2,500, ambapo hewa imepungua robo, sawa na ndani ya ndege iliyo angani. Kisumu yenyewe, mita 1,130, ni pole, lakini hakuna njia ya kawaida ya kuifikia bila kupanda kwanza. Kwa hiyo basi la usiku lililo sawa kwa mtu wa Mombasa anayekwenda Malindi si sawa kwako, na treni ya kwenda Nairobi pia ni mlima, hata kama huusikii.

Safari yangu ya kwanza nilizamia Jumapili hadi saa nane mchana, na tiketi ya basi la saa moja jioni iko mfukoni. Mwalimu aliiona, akaichukua, akaiweka kwenye sanduku lake. Nilikasirika kwa ajili ya nauli. Nililala Mombasa, nikala mahamri na mbaazi, nikaondoka Jumatatu usiku. Tangu hapo ninapanga safari kuanzia mwisho: siku ya kusafiri kwanza, kisha saa 24 kamili kavu kabla yake, kisha siku za kuzamia. Mbizi ya mwisho iwe asubuhi na iwe ya kina kidogo. Siku ile kavu kunywa maji mengi, tembea mji, usiende kukimbia wala kubeba mizigo, na pombe iache.

Andika mbizi zako kwenye karatasi, si kwenye simu tu: tarehe, kina, dakika, saa uliyotoka majini, saa uliyoanza kupanda bara. Ibebe kwenye mfuko wa shati. Ikiwa njiani, au hata siku moja baada ya kufika, bega au goti litaanza kuuma bila sababu, ngozi kuwasha na kuwa na madoa, vidole kufa ganzi, kizunguzungu, mkojo kukataa, au uchovu usio wa safari, usiseme ni kiti cha basi. Kama uko Nakuru, baki Nakuru, usivuke Mau. Nenda hospitali yenye oksijeni, na kwa kuwa daktari wa huku anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii, mwambie maneno haya kabla hajakuandikia dawa ya maumivu: "Nimetoka kuzamia baharini kwa mtungi, nilifika mita kadhaa, nilitoka majini saa fulani." Mpe karatasi. Omba oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa, lala chali, kunywa maji kama huna kichefuchefu, na mtu wako apige simu kwa mwalimu aliyekuzamisha ili waunganishwe na daktari wa wazamiaji. Kushushwa pwani baada ya hapo wataamua wao, kwa sababu njia ya kushuka kutoka Nakuru nayo inapanda Kinale kwanza.